Bumba la Nyuki Likitua Mtini



Bumba la nyuki likitua kwenye mti wa msikiti, rai ya kwanza kusikika ni moto. Rai hiyo haifai. Abu Daud amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa sisimizi, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Tena anayetaka kuwachoma hajui wamo katika hali gani.

Kundi la nyuki hulinda na kuzaana kwa nguvu zile zile. Ulinzi una gharama kubwa: nyuki kibarua akimchoma mtu, mwiba hubaki katika ngozi naye hufa. Kwa hiyo kazi hugawanywa kwa umri. Vibarua wachanga husafisha masega na kulisha majana. Wakifikia wiki mbili au tatu, baadhi yao hushika mlango. Kisha hutoka kutafuta chakula mpaka mauti. Vibarua wachanga kabisa hawawekwi mlangoni. Walinzi hao ni wachache, lakini mmoja akitoa mwiba hueneza harufu inayowaita wenzake. Madume hawana mwiba kabisa. Wao ni wa uzazi tu, na chakula kikiadimika hufukuzwa.

Kundi zima nalo huzaa. Malkia mzee huondoka na vibarua wengi, akimwachia binti yake nyumba, majana na asali. Nyuki wetu wa Afrika, wanaoandamwa na nyegere, moto na warina asali, hugawanyika hivyo mara nyingi kuliko wale wa Ulaya.

Bumba lililoning'inia mtini ndilo hao wahamaji. Hawana masega wala majana ya kulinda, ndiyo maana kwa kawaida huwa watulivu wasipochokozwa. Wapelelezi wao wanatafuta makazi, yale yale yaliyotajwa katika Surat An-Nahl, aya ya 68: milimani, mitini na katika wanayojenga watu. Mara nyingi huondoka baada ya saa au siku chache. Watoto wazuiwe kurusha mawe, na mfugaji aitwe na mzinga mtupu.

Wakishaingia darini na kujenga masega, hali ni nyingine: sasa wana majana na chakula, na mlango una walinzi. Hapo hata mfugaji avae vazi lake, aje jioni, watoto wa madrasa wakiwa wamekwisha ondoka.