Usiniuzie Tumaini Lenye Tarehe ya Mwisho

Nitasema hii kitu, halafu mkitaka kuniondoa kwa simu zenu, sawa tu. Krismasi imeharibiwa, na walioiharibu si wale mnaofikiria. Si walevi. Si wenye maduka wanaobandika pamba kwa dirisha ati ni theluji, hapa Nairobi, Desemba, jua likikuchoma hadi utosini. Imeharibiwa na watu wa kanisa. Watu wangu. Nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka tisa, kwa hivyo msiniletee ile maneno ya "huyu ameacha wokovu".

Shida yangu ni mahubiri ya Desemba. Mnayajua. Mwaka hauishi kabla mlango wako haujafunguka. Hutavuka tarehe 31 na hiyo hali uliyo nayo. Sema amina kama unaamini. Halafu namba ya M-Pesa inatokea kwa skrini, panda mbegu. Kuna msee hapo kiti cha nyuma amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, anashinda mjengo akibeba mawe, na anaitikia hiyo amina kuliko watu wote. Tarehe 1 Januari anaamka, mlango ni ule ule, na mwenye nyumba anataka kodi kufikia tarehe 5. Nani anamwelezea kilichotokea? Hakuna. Akiuliza sana ataambiwa imani yake ilikuwa ndogo. Mbegu yake harudishiwi.

Kwani hiyo ndiyo nuru?

Nawaambia kwa nini inaniuma. Krismasi iliyopita sikuenda nyumbani. Nyumbani ni Kakamega, na mnajua vile nauli huwa wiki hiyo, ukifika Machakos Kantri Bus unatajiwa bei unadhani unanunua kiti chenyewe. Lakini nauli ilikuwa kisingizio. Ukweli ni kwamba sikuwa na kazi tangu Agosti na sikutaka kuingia kwetu mikono mitupu, bila hata mkate na sukari ya Mama. Nikampigia nikamwambia tumenyimwa likizo kazini. Akasema, "Haya mwanangu, Mungu akulinde." Aliposema hivyo nilijisikia mbaya kuliko kama angenigombeza.

Tarehe 24 usiku ploti ilikuwa tupu. Tokeni za stima zikaisha kama saa mbili hivi. Nimekaa gizani, simu iko na asilimia tisa, naangalia picha za watu wakikanda chapati, watoto wa binamu zangu na nguo mpya. Katikati ya hizo picha kuna mhubiri mmoja anauliza kwa nini unasherehekea bila ushuhuda, ati ujichunguze. Nikazima simu.

Nikashuka geti. Soja wetu ni mzee mmoja wa makamo ya babangu mkubwa, alikuwa amekaa na jiko lake na redio ndogo. Akaniuliza, "Na wewe kijana, hujaenda kwenu?" Nikamwambia, "Sijaenda, mzee." Akasema hata yeye hajaenda, lazima mtu abaki kulinda. Akanimiminia chai kwa kikombe chake, yeye akatumia kifuniko cha thamosi. Tulikaa hapo mpaka karibu saa sita. Hatukuongea mambo mengi ya maana. Aliniambia tu kuhusu ng'ombe wake.

Sasa, kesho yake nikafungua Luka sura ya 2, ile ambayo sote tunadhani tunaijua juu tuliigiza tukiwa Sunday school na leso kichwani. Nikaisoma polepole. Na nawaambia, kama hiyo sura ingeletwa leo kwa baadhi ya hizi madhabahu, ingekataliwa.

Angalia habari ilienda kwa nani kwanza. Wachungaji. Na Kiswahili kimetufanyia mzaha hapo, juu ukisikia "mchungaji" leo unafikiria mtu wa suti na maikrofoni. Hawa walikuwa wachungaji wa kondoo. Watu wa shifti ya usiku. Wako nje kwa baridi wakilinda mali, kama yule mzee wa geti. Wakaenda wakamwona mtoto amelala mahali ng'ombe wanakulia. Halafu, hii sehemu haihubiriwi, Luka anasema walirudi. Walirudi kwa kondoo wao wakimsifu Mungu. Kazi ile ile, baridi ile ile. Hakuna aliyepewa cheo. Na bado walikuwa na furaha, kwa hivyo furaha yao ilitoka mahali pengine.

Ngoja, kuna kubwa kuliko hiyo. Mama akijifungua mtoto wa kiume, torati ilimtaka siku 40 zikiisha apeleke mwana-kondoo hekaluni. Mambo ya Walawi sura ya 12 inaongeza kwamba kama hana uwezo wa mwana-kondoo, alete njiwa wawili. Luka anatuambia Yusufu na Mariamu walipeleka sadaka gani. Ya ndege wawili. Ile ya maskini.

Fikiria hapo. Masihi ameshazaliwa. Malaika wameshaimba. Na siku 40 baadaye mamake mzazi bado hana pesa ya kondoo mmoja. Kwa hesabu ya mahubiri yetu ya Desemba, Mariamu alikuwa na shida ya imani. Mtu angemwambia ajichunguze.

Na ni siku hiyo hiyo, kwa hiyo ziara hiyo hiyo ya sadaka ya wasiojiweza, ndipo mzee Simeoni anamchukua mtoto mikononi na kumwita nuru ya mataifa. Hilo neno "nuru" tunalolitundika kwa mti lilisemwa juu ya mtoto wa watu waliokuwa wameomba kupunguziwa bei. Simeoni alikuwa mzee aliyesubiri miaka na miaka. Alichopata ni kubeba mtoto kwa dakika chache. Roma bado ilikuwa imekalia nchi. Yeye akasema sasa naweza kwenda kwa amani.

Nabii Isaya naye. Ile sura ya 9 inayosomwa kila Krismasi, ya watu walio gizani kuona nuru kuu, inataja watu kwa majina ya mahali: nchi ya Zabuloni, nchi ya Naftali, Galilaya. Hawakutajwa hivi hivi. Ilikuwa mpaka wa kaskazini, na majeshi ya Ashuru yalipoingia chini ya Tiglath-Pileser, miaka ya 730 na kitu kabla ya Kristo, hao ndio walipigwa kwanza na kuhamishwa mateka. Giza lilikuwa na tarehe na lilikuwa na jeshi. Na miaka mia saba ilipita kabla mvulana wa Nazareti, huko huko Galilaya, hajakua na kuanza kuhubiri. Miaka mia saba! Halafu wewe unaniambia tumaini lisipojibu kufikia saa sita usiku ya tarehe 31 limefeli.

Najua komenti zinazokuja. Ati Krismasi ni ya kipagani, tarehe haiko kwa Biblia. Kweli haiko. Ethiopia wanasherehekea Januari 7 na hawajaanguka. Tuendelee.

Ya pili ni nzito kidogo: "Kwa hivyo unataka vijana wasiombe kazi? Unataka tukubali umaskini?" Hapana. Omba kazi. Mimi niliomba, na bado naomba. Funga ukitaka. Ninachopinga ni kumwekea Mungu tarehe halafu kumlaumu mwenye njaa ikipita. Kuna tofauti ya kumwambia mtu "Mungu yuko na wewe hapo gizani" na kumwambia "ukiwa bado gizani, basi huna Mungu". Ya kwanza ni Krismasi. Ya pili ni biashara.

Na msidhani nasema nuru ni kukaa kimya ukitabasamu. Hiyo hadithi imejaa siasa, tumeiosha tu. Herode alisikia mtoto amezaliwa akatuma askari kuua watoto wa Bethlehemu. Mathayo hakuificha, aliweka kilio cha akina mama hapo hapo ndani ya habari ya kuzaliwa. Yusufu akabeba familia usiku wakakimbilia Misri. Wakimbizi. Sisi tunaruka hiyo sehemu tunaenda moja kwa moja kwa keki.

Lakini Krismasi ya 2024 hapa Kenya kuna akina mama hawakuruka. Vijana wa rika letu walitekwa Desemba hiyo baada ya kuposti picha za kuwakejeli wakubwa, na siku ya Krismasi familia zao zilikuwa zinawatafuta. Wengine waliachiliwa Januari. Nilikuwa kanisani asubuhi hiyo. Tulitangaziwa rangi ya nguo za kesha la mwaka mpya. Hakuna aliyewataja. Ningemwambia nani kwamba hilo kilio liko Mathayo sura ya 2, mistari michache tu baada ya mamajusi na dhahabu yao?

Kuna kitu kingine kidogo nilijifunza. Miaka michache kabla ya Yesu kuzaliwa, mwaka wa 9 kabla ya Kristo, wakubwa wa jimbo la Asia, Uturuki ya leo, walipitisha azimio kwamba siku ya kuzaliwa ya Kaisari Augusto ndiyo mwanzo wa habari njema kwa dunia. Liliandikwa kwa mawe, na jiwe mojawapo lilipatikana mji wa Priene. Huko wanamwita Augusto mwokozi aliyemaliza vita. Sasa soma tena vile malaika anaongea na wale watu wa shifti ya usiku: habari njema, mwokozi, amani duniani. Ni maneno ya ikulu, yamechukuliwa yakapewa mtoto aliyekosa mahali pa kulala. Aliyeyasikia kwa mara ya kwanza lazima alitazama nyuma kuona kama kuna askari.

Hiyo ndiyo Krismasi naitaka. Yenye nafasi ya mtu ambaye mwaka wake umefeli. Mwaka huu kama kanisa lako linaandaa sherehe, angalieni ni nani hatakuja juu hana nguo ya ile rangi mmechagua. Angalieni nani amebaki ploti. Mwenye kazi asiulize mwenzake "na wewe siku hizi unafanya nini?" mbele ya mashangazi wote kwa meza. Na wewe uliyejificha kama mimi, ukidanganya ati hujapewa likizo, wacha nikwambie ile chai ya soja ilinifaa kuliko makesha matatu ya mwaka mpya niliyowahi kuhudhuria.

Mimi naenda nyumbani. Kazi ya kudumu bado, napata vibarua vya kupiga picha za harusi, nauli nimeweka tangu Septemba. Wiki iliyopita nilimpigia Mama nikamwambia ukweli wote, pamoja na ile ya mwaka jana. Alinyamaza kitambo. Akasema alijua, juu hakuna kazi anayoijua hunyima watu wote likizo Krismasi na bado haiwalipi. Halafu akaniuliza nitapanda gari la mchana ama la usiku, ajue saa ya kukanda unga.

Nimemwambia la usiku. Ile thamosi ya mzee nitaijaza chai kabla sijaondoka, juu mwaka huu pia anabaki.