Gari na Utunzaji Wake: Shoti Katika Rilei ya Betri Mbili

Magari mengi ya kazi, hasa yenye redio ya mawasiliano, hufungwa betri mbili. Moja ni ya kuwasha injini. Ya pili hulisha redio, taa za nje na vyombo vinginevyo. Katikati yake huwekwa rilei. Injini ikiwaka, rilei hushika na kuziunganisha betri, ili alteneta izijaze zote. Injini ikizimwa, rilei huachia, na redio huendelea kula betri yake peke yake. Mpango huu ni mwema, lakini una jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Waya mnene unaopita kati ya betri hizo una umeme pande zote mbili: upande mmoja hulishwa na betri ya kwanza, upande wa pili na ya pili. Kwa hiyo yapasa kuwe na fyuzi mbili, kila moja karibu na betri yake, wala si moja tu.

Tukumbuke kwamba betri ya volti 12 ikipata shoti huweza kutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Waya huwa mwekundu kama kaa la moto kabla dereva hajafungua boneti. Na kambini magari huegeshwa jirani na madirisha ya vyumba walalamo watoto. Mtu anayefunga kipande cha shaba au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua hakutengeneza gari. Ameondoa mlinzi akauacha mlango wazi.

Fyuzi ikiungua, jiulize kwanza: imeungua wakati gani? Jibu la swali hili lina thamani kuliko mita ya bei kubwa. Iwapo injini imezimwa na fyuzi inaungua mara tu unapoitia, shoti iko kati ya fyuzi hiyo na rilei, upande wa betri yake. Iwapo inavumilia mpaka rilei inapolia “tak”, tazama upande wa pili; huenda fyuzi ya huko ilikwisha kuungua zamani, na sasa umeme unakwenda kwenye shoti kwa kupitia rilei. Lakini si kila fyuzi iungayo hivyo ni ishara ya shoti. Betri ya pili ikiwa imekwisha kabisa, huvuta umeme mwingi mno inapounganishwa, na fyuzi ndogo haiwezi kustahimili. Ijaze kwanza nje ya gari, kisha ujaribu tena.

Kuitafuta shoti yenyewe hakuhitaji chombo kigeni. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara, kwa maana betri inayojazwa hutoa hewa iwezayo kulipuka. Fungua waya wa hasi wa betri zote mbili, kisha chomoa rilei. Sasa chukua taa ya breki ya wati 21 yenye nyaya mbili, uifunge mahali pa fyuzi ya upande unaoushuku, na urudishe hasi ya betri ya upande huo peke yake. Rilei ikiwa nje, waya huo haulishi chombo chochote, basi taa haina sababu ya kuwaka. Ikiwaka kwa nguvu, waya umegusa bodi. Taa yenyewe haipitishi hata ampea 2, kwa hiyo unaweza kufanya kazi taratibu bila kuunguza kitu.

Sasa ufuate waya kwa mkono, ukiutikisa kidogo kidogo. Anza pale unapotoboa ukuta ulio kati ya injini na dereva. Kipande cha mpira kikidondoka tundu lile hukata ganda la waya kama kisu. Tazama chini ya kikalio cha betri, karibu na ekzosi, na mahali panya wapendapo kujificha. Taa itakapozimika au kupepesa, umefika.

Rilei nayo ina makosa yake. Zile za kawaida zimeandikwa namba: 30 na 87 ni njia ya umeme mkubwa, 85 na 86 ni ncha za koili. Ikiwa nje ya gari, ipime kwa mita ya omu. Kati ya 30 na 87 pasipite kitu. Pakipita, ncha za ndani zimeungua na kushikana, jambo litokealo mara nyingi rilei ya ampea 30 inapolazimishwa kubeba umeme wa stata. Dalili yake huonekana asubuhi: redio ilisikilizwa usiku kucha, na betri zote mbili zinaonyesha volti zilezile za chini, kwa mfano 11.5, hali ya kwanza ilipaswa kubaki na 12.6. Wapo wanaoigonga rilei kwa spana mpaka iachie. Itaachia leo, na kushikana tena usiku wa kesho. Inunuliwe nyingine yenye nguvu ya kutosha.

Koili ya rilei ndogo ya volti 12 huonyesha kiasi cha omu 50 hadi 120. Ikionyesha karibu na sifuri, imekwisha. Lakini ikiwa rilei ni mpya na fyuzi ya koili inaungua kila ufunguo unapogeuzwa, tazama mchoro uliochapwa ubavuni mwake kabla ya kumlaumu muuza duka. Baadhi yake zina dayodi ndani, ambayo huruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Rilei ya namna hiyo hudai chanya ipelekwe kwenye ncha maalumu, kwa kawaida 86. Nyaya zikigeuzwa, dayodi yenyewe ndiyo huwa shoti. Zibadilishe mahali, utie fyuzi ya kiasi kilekile kilichoandikwa, kisha uipime dayodi kwanza, kwani mara nyingi huwa imeungua pamoja na fyuzi.