Majani ya mstafeli yapimwe, na dozi imalizwe

Wiki haipiti bila mteja kuingia kwenye duka langu la dawa hapa Tanga, simu mkononi, anisikilizishe sauti aliyotumiwa: majani ya mstafeli yanaua saratani ya tumbo, na manjano yanaiua zaidi. Simkejeli, kwa sababu hajadanganywa moja kwa moja. Kurkumini, iliyomo kwenye manjano, imeua seli za saratani ya tumbo maabara mara nyingi.

Ila seli hizo zilikuwa kwenye kisahani, zikamwagiwa kurkumini tupu. Mgonjwa huimeza, nyingi ikatoka na choo. Hata akinywa gramu 8 kwa siku, inayofika kwenye damu ni kidogo mno. Na saratani ya tumbo haikai juu juu. Huchimba ukuta wa tumbo, ikahamia kwenye ini. Stafeli nayo ina anonasini, inayoua seli za saratani na za neva pia. Kisiwani Guadeloupe watafiti waliihusisha chai ya majani yake na maradhi ya kutetemeka yanayofanana na Parkinson.

Mimea tunayo hospitalini. Irinotekani, moja ya dawa za saratani ya tumbo, asili yake ni mti wa Uchina. Monroe Wall na Mansukh Wani walitangaza kiini chake mwaka 1966. Kilipojaribiwa kwa wagonjwa kilidhuru kibofu vibaya, majaribio yakasimamishwa. Kikabadilishwa, kikapimwa upya, na Japani ikakiidhinisha mwaka 1994. Njia hiyo ndefu ndiyo ninayoutakia mstafeli wetu. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili. Ipewe fedha za kutosha.

Wakati tukisubiri, lipo lililokwisha kupimwa kwa watu. Wilayani Linqu, jimbo la Shandong huko Uchina, watu zaidi ya 3,300 waliingizwa kwenye utafiti mwaka 1995. Baadhi walimeza vidonge vya kitunguu saumu kwa miaka 7. Wenye H. pylori, bakteria wa tumboni wanaochangia vidonda na saratani ya tumbo, baadhi yao walipewa amoksisilini na omeprazoli kwa wiki 2 tu. Baada ya miaka 22, kitunguu saumu kilikuwa kimepunguza vifo vya saratani ya tumbo, lakini hakikuthibitika kupunguza idadi ya wanaougua. Dawa za wiki 2 zilipunguza vyote viwili.

Ndiyo maana mwenye vidonda vya tumbo akiniulizia manjano, namuuliza kwanza kama amepima H. pylori na kama alimaliza dozi. Wengi huiacha njiani, maumivu yakishatulia. Anayepungua mwili bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asichemshe kitu. Aende hospitali leo, akachunguzwe kwa kamera ya tumbo. Aliyekwisha kuanza tiba ya saratani amtajie daktari kila jani analokunywa, maana mengine hugongana na dawa. Manjano ya kwenye mchuzi aendelee nayo.