Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, nani alikuwa Shemaya?

 

Leo naomba ufungue 1 Wafalme sura ya 12, usome tangu mwanzo mpaka mstari wa 30, kisha urudi hapa. Usipoisoma, nitakayoyasema yataonekana siasa tupu, na siasa unazo za kutosha katika kurasa za mbele za gazeti hili.

Sura hiyo huwa tunaihubiri nusu. Tunamsema Rehoboamu, mfalme aliyeombwa na watu awapunguzie nira nzito ya baba yake Sulemani, akadharau shauri la wazee, akafuata la vijana aliokua nao, akawajibu watu kwa ukali. Makabila kumi yakajitoa. Tunawaonya vijana, tunasema amina, tunashuka madhabahuni. Mstari wa 21 na kuendelea hatuufikii. Mimi mwenyewe sikuufikia mpaka nilipofikishwa kwa aibu. Nitakueleza hapo mbele.

Kwanza twende Uingereza. Juni 23, 2016 wananchi wa nchi ile waliulizwa swali moja: nchi yao ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke? Waliotaka itoke walikuwa milioni 17.4, waliotaka ibaki milioni 16.1. Kwa asilimia ni 51.9 kwa 48.1. Sasa weka watu 100 katika mabenchi ya kanisa lako: 52 wanataka hivi, 48 wanataka vile, na wote wanasubiri meza moja ya Bwana.

Nchi hiyo ilikuwa imejiunga na jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Miaka miwili baadaye wananchi waliulizwa kama wanataka kubaki, na theluthi mbili wakasema ndiyo. Nini kilibadilika? Ukiuliza katika mji wa Boston, eneo la kilimo mashariki mwa England, ambako zaidi ya watu 75 katika kila 100 walipiga kura ya kutoka, utaambiwa habari za wageni wengi waliokuja kufanya kazi mashambani kwa muda mfupi, habari za mishahara na huduma zilizoelemewa, na za sheria zinazotungwa mbali na watu wasiowachagua. Ukiuliza Lambeth, katika jiji la London, ambako zaidi ya 78 katika 100 walitaka kubaki, utaambiwa habari za ajira, biashara, masomo na ndoa zilizofungwa baina ya mataifa. Scotland ilitaka kubaki kwa asilimia 62. Wales ikataka kutoka. Kile ambacho Boston walikiita nira, Lambeth walikiona ni mkono wa jirani.

Sikusudii kukuambia nani alikuwa sahihi. Biblia haina mstari unaohusu soko la pamoja wala ushuru wa forodha. Lakini mistari ilitafutwa, na ikapatikana! Wako Wakristo waliochukua Ufunuo 18:4, pale watu wa Mungu wanapoambiwa watoke Babeli, wakasema Babeli ndiyo Brussels. Wako waliowajibu kwa Yohana 17:21, pale Yesu anapowaombea wanafunzi wake wawe na umoja, kana kwamba Bwana usiku ule wa mateso alikuwa anaombea mkataba wa biashara. Ukitaka kumnyamazisha ndugu yako bila kumsikiliza, mpige mstari. Hatakuwa na la kujibu, maana akikujibu ataonekana anabishana na Mungu.

Viongozi wa kanisa nao hawakukaa kimya. Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Justin Welby, alisema hadharani kabla ya kura kwamba yeye angepiga kura ya kubaki. Alikuwa na haki hiyo kama raia. Lakini uchunguzi mkubwa wa maoni uliofanywa siku ya kura ulionyesha kuwa kati ya watu waliojitambulisha kuwa Wakristo, karibu sita katika kila kumi walichagua kutoka. Kwa hiyo mimbari ilikuwa inaangalia huku na mabenchi yanaangalia kule. Mchungaji unayesoma hapa, fikiri ungesalimiana vipi na waumini mlangoni Jumapili iliyofuata.

Tena damu ilikuwa imekwisha kumwagika. Wiki moja kabla ya kura, Juni 16, mbunge Jo Cox, aliyekuwa anaunga mkono kubaki, alikuwa anakwenda kukutana na wananchi wake kwenye maktaba ya mji mdogo wa Birstall. Mtu mmoja alimpiga risasi na kumchoma kisu barabarani. Mzee wa miaka 77 aliyekimbilia kumwokoa naye alichomwa kisu. Jo Cox alifariki akiwa na miaka 41, akaacha mume na watoto wawili wadogo. Katika hotuba yake ya kwanza bungeni, mwaka mmoja tu nyuma, alikuwa amesema kwamba mambo yanayotuunganisha ni mengi kuliko yanayotutenga.

Hata Shekemu ilikuwa hivyo. Rehoboamu alipomtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, watu walimpiga mawe akafa (mstari wa 18). Adoramu hakuitunga ile nira. Alikuwa mtumishi aliyetumwa, na mawe yakamkuta yeye.

Ungedhani kifo cha mama yule kingewafunga watu midomo ya matusi. Haikuwa hivyo. Bunge lilivutana zaidi ya miaka mitatu. Waziri Mkuu David Cameron alijiuzulu. Theresa May, binti wa padri wa Kianglikana, alipeleka mkataba wake bungeni Januari 2019 ukakataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202, akaurudisha tena ukakataliwa tena. Alipokuja Boris Johnson, wabunge 21 wa chama chake mwenyewe walifukuzwa kundini Septemba mwaka huo kwa kupiga kura kinyume naye. Mwezi huohuo mbunge mmoja alisimama akawakumbusha wenzake kifo cha Jo Cox, akasema maneno kama "msaliti" yanawaletea wabunge vitisho vya kuuawa. Waziri Mkuu akajibu kuwa hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Siku mbili baadaye maaskofu wa Kanisa la England walitoa tamko kwamba lugha inayotumika ndani na nje ya Bunge haikubaliki.

Ndani ya nyumba moja je? Mdogo wake Johnson, aliyeitwa Jo pia, alikuwa waziri katika serikali ya kaka yake. Alijiuzulu mwezi huohuo wa Septemba, akisema amevutwa huku na uaminifu kwa familia na kule na maslahi ya taifa. Ikiwa ndugu wa tumbo moja, wenye elimu na vyeo vyote vile, walifika hapo, mimi na wewe tusijione tuko salama sana.

Sasa mstari wa 21. Rehoboamu amerudi Yerusalemu mbio, amekusanya askari 180,000 kutoka Yuda na Benyamini ili akayarudishe makabila yaliyojitoa. Kwa hesabu za kibinadamu ana haki. Ufalme ni wa babu yake Daudi, na Daudi alikuwa ameahidiwa mambo makubwa juu ya nyumba hiyo. Hapo anatokea mtu anayeitwa Shemaya, mtu wa Mungu. Hatujaambiwa anatoka ukoo gani wala ana cheo gani. Ujumbe wake ni mfupi: msiende kupigana na ndugu zenu wana wa Israeli, kila mtu arudi nyumbani kwake, maana jambo hili limetoka kwa Bwana.

Angalia neno hilo, ndugu. Ufalme umekatika vipande viwili, mpaka umechorwa, kila upande una mfalme wake, na bado Mungu anawaita wale wa upande wa pili "ndugu zenu". Kujitoa hakukuufuta udugu. Na cha kushangaza zaidi, askari 180,000 walisikia wakarudi. Hatusomi mara nyingi katika Biblia habari ya jeshi zima lililovaa silaha tayari, kisha likarudi nyumbani kwa neno la mtu mmoja.

Sitakudanganya kwamba waliishi kwa amani baada ya hapo. 1 Wafalme 14:30 inasema kulikuwa na vita kati ya wafalme hao wawili siku zao zote. Walimtii Shemaya siku ile moja, wakachoka.

Na waliojitoa nao wasijione washindi. Mstari wa 26 unatufungulia moyo wa Yeroboamu: alianza kuogopa kwamba watu wakipanda kwenda Yerusalemu kuabudu, mioyo yao itarudi kwa Rehoboamu. Akatengeneza ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli, mwingine Dani. Lile lililokuwa dai la haki la kupunguziwa mzigo likageuka dini. Huko Uingereza watafiti wa maoni ya umma waligundua baada ya kura kuwa watu wengi walijiona zaidi ni watu wa kutoka au watu wa kubaki kuliko walivyojiona ni wa chama fulani cha siasa. Ndama wawili, Betheli na Dani, na kila mmoja alikuwa na waimbaji wake.

Mambo haya hayako mbali nasi. Walio na umri wangu wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ilipovunjika baada ya miaka kumi tu. Tuligombea ndege, mabehewa na meli. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa, ukakaa umefungwa hadi 1983, na watu wa Namanga na Holili walitazamana na shemeji zao kupitia kizuizi cha barabarani. Ilitubidi tusubiri hadi Novemba 30, 1999 ndipo mkataba mpya ukatiwa saini Arusha. Hivyo tunapowaangalia Waingereza, tusiwacheke.

Nami niliahidi kukueleza aibu yangu. Miaka michache iliyopita mtaa mmoja wa usharika wetu uliomba kujitenga, uwe usharika kamili. Nilikuwa mjumbe wa baraza la wazee na nilipinga kwa nguvu zote, maana sadaka za mtaa ule ndizo zilizokuwa zinabeba ujenzi wetu. (Hilo la sadaka sikulisema kwenye kikao. Nilisema "umoja wa mwili wa Kristo".) Mzee aliyekuwa anausemea mtaa ule alieleza kwa upole: wao wanatoa, wanatembea mbali kuja ibadani, na maamuzi yote yanafanyika huku bila wao. Nilisimama, nikafungua sura hiihii, nikamwita Yeroboamu mbele ya wajumbe wote.

Hakukasirika. Aliniuliza, "Mdogo wangu, umeishia mstari wa ngapi?"

Nikasema wa 20.

"Basi endelea kusoma." Akakaa.

Sikuendelea kusoma siku ile. Nilikuwa na hasira. Mtaa ukaja kuwa usharika, nami kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikimwona mzee yule stendi natazama simu kama vile kuna ujumbe muhimu umeingia. Ni habari za Waingereza, nilizokuwa nikizifuatilia redioni kila jioni huku nikishangaa jinsi watu wastaarabu wanavyochukiana, ndizo zilizonirudisha kwenye ile sura. Nilikuwa nawashangaa wao!

Uingereza ilitoka rasmi Januari 31, 2020. Kabla ya hapo, mwishoni mwa Machi 2019, tarehe ya kwanza iliyokuwa imepangwa kutoka ilipokaribia, Kanisa la England liliziomba parokia zake zifanye jambo dogo kwa siku tano: ziombe, na ziwakaribishe watu wa pande zote waketi pamoja, wanywe chai na kula keki, wazungumze. Wako walioliona jambo hilo la kitoto. Nchi inapasuka, ninyi mnatoa keki? Mimi naliona ni la Shemaya kabisa. Mtu uliyemmiminia chai ni vigumu kumpigia kelele ya msaliti dakika hiyohiyo. Na familia ya Jo Cox, pamoja na marafiki zake, tangu mwaka 2017 wamekuwa wakiwaalika majirani nchi nzima kila mwezi Juni wale chakula pamoja kwa kumbukumbu yake. Hakuna kura inayobadilishwa kwenye meza hizo. Aliyetaka kutoka anaondoka na msimamo wake, aliyetaka kubaki vilevile.

Mzee wangu naye hajabadili mawazo. Bado anaamini walichelewa kujitenga, na mimi bado naamini waliharakisha. Mwezi uliopita nilimpigia simu. Iliita mara nyingi nikataka kukata, ndipo akapokea, na kabla sijamaliza kujitambulisha alisema, "Mdogo wangu, nakusikia." Nikamwambia nimeshasoma mpaka mwisho. Alicheka sana, kisha akanikaribisha kwenye sikukuu ya mavuno ya usharika wao.

Ni leo. Ibada yetu ya kwanza ikimalizika nitapanda daladala kwenda huko niwahi mnada. Nimesikia kuna mkungu wa ndizi kutoka shambani kwake, na nimetenga fedha kidogo ya kumpandishia bei.