Taa Ndogo si Anasa

Wapo wanaodai kwamba taa ya mezani iliyobuniwa na msanifu maarufu ni pambo la matajiri tu. Kuhusu bei, nakubali. Kuhusu wazo lenyewe, nakataa katakata.

Tutazame Eclisse, taa ambayo Vico Magistretti, msanifu majengo wa Milano, aliibuni mwaka 1965 kwa ajili ya kampuni ya Artemide. Jina hilo kwa Kiitaliano lina maana ya kupatwa kwa jua au mwezi. Ina urefu wa sentimita 18 hivi, kwa hiyo inatosha juu ya kistuli kando ya kitanda. Ndani yake mna kifuniko kinachozunguka. Ukikigeuza kwa mkono, kinaifunika balbu kidogo kidogo mpaka ubaki mwanga mwembamba kama uzi. Mwaka 1967 ilipewa tuzo ya Compasso d'Oro.

Sasa turudi bwenini. Tunalala wanne chumba kimoja, chini ya balbu moja ya darini. Anayejiandaa kwa mtihani akiiwasha, watatu hawalali. Wakiizima, yeye hasomi. Kila usiku tunagombania swichi.

Hatuombi taa kutoka Italia. Kifuniko kinachogeuka hata fundi bati wa mtaani anaweza kukitengeneza. Tunachodai ni kila kitanda kiwe na soketi yake na taa yake ndogo ya kufunika. Anayeita hiyo anasa, na aje alale nasi wiki moja ya mitihani.