Kamera kifuani mwa polisi: nani atashika rekodi?

Kila raia akifa mikononi mwa polisi Kenya, wito huwa uleule: askari wavalishwe kamera. Ni wazo zuri. Lakini tukumbuke Juni 2025.

Mwalimu na bloga Albert Ojwang alifariki akiwa kizuizini katika kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukapinga hayo. Na kamera za CCTV za kituo je? IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, ilisema zilichezewa.

Yaani kamera zilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa nje mwenye ufunguo wa rekodi.

Washington, Marekani, walilijaribu jambo hili kwa askari zaidi ya 2,000. Matokeo ya 2017: waliovaa kamera na wasiovaa hawakutofautiana sana katika kutumia nguvu.

Basi kabla ya kununua, sheria iseme askari akizima kamera anaadhibiwa vipi, na rekodi iende IPOA moja kwa moja, isibaki kituoni. La sivyo tutalipia vifaa, halafu siku ikifika tuambiwe "ilikuwa imeisha chaji."