Mchoraji Apewe Nafasi, Si Sifa Tu

JICHO LA JUMAPILI
Na Rehema Mwinyi

Mchoraji akiacha picha za kutundika sebuleni akaanza kujaza ukuta mzima, tena kwa rangi nene inayokwaruza kiganja, watu husema ameingiwa na majivuno. Mimi namtetea, na shahidi wangu ni Frank Bowling.

Bowling alizaliwa Guyana mwaka 1934, akahamia London akiwa kijana na kusomea uchoraji huko. Mwanzoni alichora watu. Mwaka 1966 alihamia New York, na huko akapata studio pana ya kutandaza kanvasi sakafuni. Hapo picha zake zikatanuka. "Texas Louise" ya mwaka 1971 ina upana unaozidi mita sita.

Miaka ya 1980 zikanenepa. Isogelee "Spreadout Ron Kitaj", aliyoifanya kati ya 1984 na 1986: jeli ya akriliki imerundikana, vipande vya sponji vimepandana, na katikati yake kumenasa magamba ya chaza, vidoli vya plastiki na vito vya bei rahisi. Rudi nyuma hatua kadhaa, takataka zote hizo zinapotea, unabaki na rangi na mwanga. Kwenye simu huyaoni hayo. Ni sawa na kuonja pilau kwa kutazama picha yake.

Kipaji Bowling alikuwa nacho tangu London. Kilichoongezeka New York ni sakafu. Heshima nayo ilichelewa: Tate Britain ilimwandalia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake mwaka 2019, akiwa na miaka 85.

Kwetu, kipimo cha picha hupangwa na begi la mtalii. Michoro ya Tingatinga ilizaliwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi, na hadi leo inayouzika upesi ni ile inayobebeka. Sina ugomvi na biashara hiyo, inalisha familia. Lakini anayetaka kuchora picha ya mita sita ataitandaza wapi, na nani ataitundika?

Wenye kuta ndio wa kujibu. Benki, hoteli, viwanja vya ndege na ofisi za umma, acheni kujaza kumbi zenu picha za simba zilizochapwa kwa mashine. Agizeni kazi moja kubwa kila mwaka kwa mchoraji wa hapahapa. Na wewe mwenye ghala tupu, mpangishe mchoraji kwa kodi anayoimudu.